Mashine ya kwanza ya kukereza chuma nyumbani: ndogo kabisa, ya kati ya mezani, au kongwe iliyokwisha kutumika?

Anayetaka kuanza kukereza chuma nyumbani kwa kawaida hukwama kati ya mashine za aina tatu. Kuna ile ndogo kabisa, ya kuweka mezani na kuirudisha kabatini, kama Sherline au Taig. Kuna ya kati inayotengenezwa China, inayojulikana kwa vipimo vya inchi 7 kwa 12 au 7 kwa 14, ambayo huuzwa kwa rangi na majina chungu nzima ilhali ndani ni ndugu wa tumbo moja. Halafu kuna kongwe la karakana, kama Myford ML7 au South Bend ya inchi 9, lililopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kukufikia.

Zote tatu hukereza, na kila moja ina watu wanaoipenda kwa haki. Kwa maoni yangu, swali la kujiuliza kabla ya yote ni hili: mashine hii utaifanyia kazi kiasi gani kabla haijaanza kukufanyia kazi wewe? Wapo wanaofurahia kuifungua, kuipima na kuirekebisha mashine kama wanavyofurahia kuitumia. Wapo wanaotaka kuwasha na kukata. Ukijijua uko upande gani, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni ukubwa wa kitu utakachotengeneza. Kabla ya kutazama tangazo lolote, andika vitu vitano unavyotaka kukereza ndani ya mwaka mmoja, pamoja na kipenyo na urefu wa kila kimoja. Kisha usome takwimu za mashine kwa tahadhari. Kipenyo kinachotangazwa ni kile kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda cha mashine. Juu ya sleidi inayobeba kisu, nafasi hupungua sana: mashine ya milimita 180 hubakiwa na kama 110. Urefu nao hupimwa kati ya ncha mbili tupu. Ukishafunga kishikio chenye taya tatu upande mmoja, na kishikio cha keekee pamoja na biti yake upande wa pili, milimita 350 za tangazo zinaweza kubaki 150 hivi za kufanyia kazi. Kitu cha tatu ambacho wengi hukisahau ni tundu la spindeli, ule mhimili unaozungusha kazi, kwa sababu fimbo isiyopita kwenye tundu hilo lazima ikatwe vipande vifupi kwanza.

Cha pili ni uimara dhidi ya mtetemo, na hapa ndipo mashine ndogo zote hupata shida. Kisu kinapouma chuma, chuma nacho hukisukuma kisu. Kikirudi nyuma hata milimita 0.01, kisha kikauma tena, kikarudi tena, mara mamia kwa sekunde, utasikia mlio mkali na utaona mistari kama ya kitambaa kwenye kazi yako. Mota yenye nguvu haitibu hali hiyo. Hutibiwa na uzito wa chuma cha kusubu, sleidi zilizobanwa sawasawa, na kisu kisichochomoza mbali na kishika kisu.

Cha tatu ni hali ya mashine inapofika, na marekebisho inayodai. Cha nne ni mahali, uzito na umeme. Cha tano ni gharama inayofuata baada ya kulipa bei: visu, vishikio, vipimo, keekee, mafuta. Hesabu ya busara ni kutenga fedha inayokaribia bei ya mashine yenyewe kwa ajili ya vitu hivyo. Anayemaliza fedha zote kwenye mashine hubaki na pambo zito la mezani.

Ndogo kabisa: Sherline, Taig na jamaa zao

*Ukubwa wa kazi.* Sherline, ambayo muundo wake ulianzia Australia na leo hutengenezwa California, huzungusha kipenyo cha kama milimita 90, kwa urefu wa milimita 200 au 430 kutegemea kitanda unachochagua. Tundu la spindeli ni kama milimita 10. Taig ni pana kidogo, kama milimita 114. Hizi ni mashine za sehemu za saa, vyombo vya kupimia, modeli ndogo za injini, vifungo vya vito, sehemu za kamera. Fimbo ya chuma laini ya milimita 25 inawezekana, ila kwa mkato mwembamba na subira.

*Uimara.* Kwa kipimo chake, Sherline ni imara kuliko inavyoonekana, kwa kuwa sleidi zake zimetengenezwa vizuri na hazina ulegevu wa kushtua. Shaba ya manjano na alumini huzikata kwa raha. Kwenye chuma laini, mkato wa milimita 0.2 hadi 0.3 upande mmoja ni mwendo wake. Unimat SL za zamani za Emco kutoka Austria, ambazo bado hupatikana kwa watu, kitanda chake ni fimbo mbili za duara. Ni mashine za kupendeza, lakini zinapinda mapema zaidi, na anayeinunua lazima ajue hivyo.

*Hali inapofika na marekebisho.* Huu ndio ubora wake mkubwa. Unaitoa kwenye boksi, unaifuta, unaifunga kwenye ubao, unakata. Marekebisho ya sleidi ni ya dakika chache. Upungufu wake ni kukata hesi, yaani nyuzi za skrubu: mashine hizi hazina skrubu ya kuongozea kisu iliyounganishwa na spindeli kutoka kiwandani. Sherline huuza kiambatisho cha gia, na spindeli inazungushwa kwa mkono wakati wa kukata. Kazi hutoka safi, ila si ya mtu mwenye haraka. Kwa hesi ndogo zilizozoeleka, daiza na tapu, vifaa vya mkono vya kukatia hesi za nje na za ndani, zinatosha.

*Mahali na umeme.* Sherline fupi ni kama kilo 11. Inaingia kwenye kabati, inafaa chumba kimoja cha kupanga, na kelele yake haivuki ukuta kirahisi.

*Gharama zinazofuata.* Viambatisho vyake ni vizuri na hupatikana kutoka kwa mtengenezaji yuleyule kwa miaka mingi, ila vina vipimo vyake vya pekee. Ukinunua kishikio au koleti (vibanio vya duara vya kushikia fimbo) za mashine hii, huzihamishii mashine nyingine bila kutengeneza kiunganishi.

*Inamfaa nani.* Mwenye kazi ndogo zinazodai usahihi, asiye na karakana, na asiyetaka kuanza kwa kurekebisha mashine.

Ya kati ya mezani: familia ya inchi 7

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa sana na ndiyo inayosemwa vibaya na kusifiwa kupita kiasi kwa pamoja.

*Ukubwa wa kazi.* Milimita 180 juu ya kitanda, urefu wa milimita 300, 350 au 400. Tundu la spindeli ni milimita 20, hivyo fimbo ya milimita 19 inapita. Kama unayo nafasi ya kuchagua kitanda, chukua kirefu. Tofauti ya bei huwa ndogo na utaihitaji siku ya kwanza utakapotoboa tundu refu kutoka kichwa cha nyuma, kile kinachoshika keekee upande wa pili wa kitanda. Inakata hesi kwa gia za kubadilisha, na skrubu yake ya kuongozea katika toleo la kimetriki ina hatua ya milimita 1.5.

*Uimara.* Ikiwa kama ilivyotoka boksini, mkato wa milimita 0.3 kwenye chuma laini unaweza kuifanya ilie. Ikisharekebishwa, milimita 0.5 hadi 0.8 upande mmoja ni kazi ya kawaida. Uzito wake wa kilo 40 hivi ndio mpaka wake, na hakuna marekebisho yatakayoigeuza kuwa mashine ya kilo 200.

*Hali inapofika na marekebisho.* Ichukulie kama seti ya vipuri iliyounganishwa kwa muda. Inafika imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na ndani ya grisi hiyo mara nyingi kuna vumbi la kusagia na vinyoleo vya kiwandani. Anayewasha kabla ya kusafisha anasaga sleidi zake mwenyewe. Ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, ipake mafuta safi, kisha uiunganishe ukifuata mpangilio huu, ambao naupendelea kwa sababu hatua za mwanzo hazina gharama na ndizo zenye faida kubwa.

Anza na gibu, vile vipande bapa vya chuma vinavyobana sleidi kutoka ubavuni. Kila kimoja kina skrubu ndogo tatu au nne zenye nati za kufungia. Legeza zote. Kaza skrubu ya kwanza mpaka sleidi ikwame, irudishe kidogo mpaka itembee kwa uzito sawa kama inaogelea kwenye asali, kisha nenda ya pili. Ukifunga nati, skrubu huelekea kuzunguka nayo, kwa hiyo ishikilie kwa ufunguo wake. Ukimaliza, shika kishika kisu kwa mkono mzima na ukitikise. Usipohisi kugonga popote, umefanya kazi ambayo kiwandani haikufanywa.

Baada ya hapo geukia chini ya kibebeo, sehemu inayobeba sleidi na kutembea juu ya kitanda, ambako vipande viwili hukizuia kisinyanyuke kutoka kitandani. Kwa mashine nyingi za familia hii vipande hivyo hubanwa kwa skrubu zinazosukumana, na hulegea vikiwa kazini. Ukiviwekea shimu (vipande vyembamba vya kujazia) za unene sahihi, ukavisugua taratibu mpaka vikae bapa, kibebeo hukoma kuinama kila kisu kinapouma.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote: kuondoa sleidi ya juu na kuweka mahali pake bonge la chuma lililofungwa moja kwa moja kwenye sleidi iliyo chini yake. Sleidi ya juu inahitajika unapokereza pembe fupi tu, na wakati mwingine wote inaongeza maungio ya kutetema. Kukata kipande na kukiachanisha, kazi inayowaogopesha wengi kwenye mashine hii, huwa kazi ya kawaida baada ya badiliko hili.

Beringi za spindeli huja baadaye. Za kiwandani kwa kawaida ni za mipira, namba 6206. Wengi hubadilisha kwa beringi za roli za mteremko, namba 30206, ambazo huhimili vizuri zaidi msukumo wa kutoka mbele. Fahamu kwamba 6206 ina unene wa milimita 16 na 30206 ina 17.25, kwa hiyo vitenganishi vya kwenye spindeli lazima vipunguzwe, na vilevile mbano wa beringi mpya lazima uupange mwenyewe: ukibana mno zinapata moto, ukilegeza mno hujapata faida. Anayetaka njia rahisi hutumia 7206 za mguso wa pembe, ambazo zina unene uleule wa 16. Kama spindeli yako haina ulegevu na haipati moto, iache.

Gia za plastiki ndani ya kichwa cha mashine huleta ubishi usioisha. Ni kweli huvunjika. Lakini zinavunjika badala ya kitu cha bei kubwa, na kuwa na seti ya akiba kwenye droo ni suluhisho la heshima. Kilicho muhimu zaidi ni kukinga bodi ya umeme: weka kinga nyuma ya kitanda na uzibe mianya ya boksi, kwa sababu kinyoleo kimoja cha chuma kikitua juu ya bodi, kinaweza kuiunguza yote.

*Mahali na umeme.* Inabebwa na watu wawili bila shida, inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani, na kasi yake hubadilishwa kwa kitufe, kuanzia mizunguko kama 50 hadi 2,500 kwa dakika. Kasi ya chini ina dosari yake: mota inapozungushwa polepole kwa umeme, nguvu yake hushuka. Kukereza kitu kipana kwa mwendo wa taratibu huifanya izime au ipate moto.

*Gharama zinazofuata.* Hapa ina bahati. Visu, vishikio, vishika kisu vya kubadilisha haraka, vipuri vya kila aina vipo tele, kwa kuwa mashine yenyewe ipo tele. Kishikio chake hufungwa kwa bolti tatu nyuma ya spindeli, jambo linaloudhi vidole kila unapobadilisha, lakini lina faida kubwa: unaweza kuzungusha mashine kinyumenyume bila hofu ya kishikio kufunguka.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujifunza jinsi mashine inavyofanya kazi kwa kuifungua, mwenye kazi za milimita 10 hadi 60 kwa wingi, na aliye tayari kutoa wikendi kadhaa kabla ya kudai usahihi.

Kaka yake wa milimita 210, mwenye tundu la spindeli la milimita 38 na uzito unaopita kilo 100, anastahili kutajwa. Mkato wake ni wa ngazi nyingine. Ukiwa na benchi imara na fedha ya kutosha, mlinganishe na kongwe linalofuata kuliko na huyu mdogo. Zile mashine tatu-kwa-moja zenye kichwa cha keekee na miling (kukata chuma kwa kisu kinachozunguka) juu ya kitanda sizipendekezi kwa mwanzo, kwa sababu kila kazi ndani yake imekatwa nusu ili kuipa nafasi kazi nyingine.

Kongwe: Myford, South Bend, Boxford na wenzao

*Ukubwa wa kazi.* Myford ML7, iliyoingia sokoni mwaka 1946 kutoka Beeston, Uingereza, huzungusha kama milimita 178, karibu sawa na mashine ya kati ya China, lakini urefu kati ya ncha ni inchi 20, yaani milimita 508. South Bend ya Marekani na Boxford ya Uingereza hukaribia milimita 230. Tundu la spindeli si kubwa ajabu: ML7 ni kama milimita 15, South Bend ya inchi 9 kama 19. Usidhani uzito wa mashine maana yake fimbo nene itapita.

*Uimara.* Ukiligusa kongwe zuri likiwa kazini, chuma kinakatika kwa sauti ya chini, ya kuchana karatasi nene, na kinyoleo kinatoka kimejikunja bila kukatika. Gia zake za kupunguza kasi hutoa nguvu halisi kwenye mwendo mdogo. ML7 hushuka hadi mizunguko 35 kwa dakika bila kupoteza nguvu. Upande wa pili, ML7 za awali zilikomea kama mizunguko 640. Kwa fimbo nene hiyo ni sawa kabisa. Kwa fimbo ya milimita 3 ni mwendo wa kobe, na visu vya kabaidi, vigumu sana na vinavyopenda kasi kubwa, havitaonyesha ubora wake hapo.

*Hali inapofika na marekebisho.* Unanunua historia ya mtu mwingine, kwa hiyo ukaguzi ndio kila kitu. Nenda na saa ya kupimia (kipimo chenye mshale unaoonyesha mwendo mdogo sana) yenye mguu wa sumaku na fimbo iliyonyooka ya milimita 20 hivi. Funga fimbo kwenye kishikio, weka saa juu yake karibu na taya, kisha uinyanyue kwa mkono. Saa ikiruka zaidi ya milimita 0.03 au 0.04, uliza juu ya beringi. Za ML7 ni za metali nyeupe, na hukazwa kwa kuchambua shimu nyembamba, kwa hiyo ulegevu mdogo si sababu ya kuondoka.

Kitanda ni jambo zito zaidi. Sehemu iliyo mbele ya kishikio ndiyo iliyotumika sana, na ile ya mwisho karibu haijaguswa. Kaza kibebeo kikiwa karibu na kishikio mpaka kitembee kwa kubana kidogo, kisha ukisukume kuelekea kichwa cha nyuma. Kikikwama njiani, kitanda kimelika. Kulika kidogo unaweza kuishi nako kwa miaka, kwa kuwa kazi nyingi za nyumbani ni fupi. Kulika sana kunadai kusagwa upya, na gharama hiyo mara nyingi hupita thamani ya mashine.

Halafu tazama meno ya gia moja baada ya nyingine ukizungusha kwa mkono, na uhesabu gia za kubadilisha. Ulegevu kwenye skrubu ya sleidi usikutishe. Nati ya shaba hubadilishwa.

Kuna pia suala la inchi. Mengi ya makongwe haya yana skrubu ya kuongozea ya nyuzi 8 kwa inchi, na mizani yake husoma sehemu za elfu moja za inchi. Kukata hesi za kimetriki kwa usahihi kamili kunahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127. Uliza kama ipo kabla ya kulipa.

*Mahali na umeme.* Mengi ya ukubwa huu yana kilo 100 hadi 200, na uzito uko juu, upande wa kichwa. Huanguka kirahisi wakati wa kuhamishwa. Tenganisha mota, kichwa cha nyuma na kishikio kwanza. Yaliyotoka viwandani au vyuoni yanaweza kuwa na mota ya fezi tatu. Inveta huigeuza fezi moja kuwa tatu na kukupa uwezo wa kubadilisha kasi, ambao kongwe hilo halikuwahi kuwa nao.

*Gharama zinazofuata.* Ukipata lililo na sahani ya uso ya kufungia kazi, kishikio cha taya nne, kishikizo cha katikati cha kutegemeza fimbo ndefu na gia zake zote, umeokoa fedha nyingi. Lililo tupu huwa ghali kuliko linavyoonekana. Kiwanda cha asili cha Myford kilifungwa mwaka 2011, lakini vipuri vyake bado vinapatikana. Kwa makongwe yasiyo na jina, jiandae kutengeneza mwenyewe. Kishikio cha makongwe haya huskrubiwa kwenye spindeli, kama kilivyo cha Sherline, hivyo kuzungusha kinyumenyume ukiwa na mkato mzito kunaweza kukifungua kikiwa kazini.

*Inamfaa nani.* Mwenye sakafu ya kudumu, anayeweza kusafiri kuikagua mashine au aliye na fundi wa kumsindikiza, na mwenye kazi za chuma nene au hesi kubwa.

Mambo yasiyobadilika, uchague ipi

Kasi hukokotolewa kwa njia moja: zidisha mwendo wa kukata wa mita kwa dakika mara 1,000, kisha gawanya kwa kipenyo mara 3.14. Kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu) kwenye chuma laini tumia mita 25. Fimbo ya milimita 20 inatoa mizunguko kama 400. Alumini inapokea mara mbili au tatu ya hapo, chuma kisichoshika kutu kinataka pungufu. Mashine ikitetema, punguza kasi na uongeze mwendo wa kisu kidogo. Wengi hufanya kinyume na kisu kikaishia kusugua.

Kimo cha kisu ndicho chanzo cha malalamiko mengi yanayotupiwa mashine. Bana rula nyembamba kati ya ncha ya kisu na fimbo ya duara. Ikisimama wima, kisu kiko kwenye kitovu. Juu yake ikilala kuelekea kwako, kisu kiko chini. Ikilala upande wa pili, kiko juu.

Kuhusu visu, mashine zote tatu hupenda makali. HSS iliyonolewa vizuri huzidi kabaidi butu kila mara. Ukitaka vipande vya kabaidi, chagua vile vyenye alama CCGT, vilivyosuguliwa kwa ajili ya alumini; hukata hata chuma laini kwa msukumo mdogo, na mashine ndogo huushukuru msukumo mdogo.

Kishikio cha taya tatu cha bei ya kawaida hupotoka milimita 0.05 hadi 0.10. Hilo halikudhuru ukikereza vipenyo vyote vinavyopaswa kulingana bila kuifungua kazi. Ukilazimika kuigeuza, tumia taya nne na saa ya kupimia, au koleti.

Na usalama: ufunguo wa kishikio usiachwe mahali pake hata kwa sekunde moja. Miwani kila mara. Glavu kamwe, nguo za mikono mirefu kamwe, pete ivuliwe, nywele zifungwe. Kinyoleo kirefu kiondolewe kwa ndoano na mashine ikiwa imesimama, kwa sababu ni cha moto na kinakata kama wembe. Msasa usizungushwe kwenye kidole. Mashine ya kilo 11 haina nguvu ya kongwe, lakini inatosha kuvunja kidole.

Kuchagua kwa hali yako

Unaishi chumba kimoja au nyumba ya kupanga, na orodha yako ya vitu vitano haina kinachopita milimita 40: chukua ndogo kabisa. Kama miongoni mwa vitano hivyo vitatu vina hesi za kukatwa kwenye mashine, ifikirie ya kati hata kama nafasi inabana.

Una benchi kwenye banda au gereji, hujawahi kukereza, na hakuna mtu wa kukusaidia kukagua: mashine ya kati ni salama zaidi kuliko kongwe usilolijua, kwa sababu kasoro zake zinajulikana na tiba zake zimeshaandikwa na wengi. Tenga muda wa gibu na bonge la chuma kabla ya kununua mapambo kama mizani ya kidijitali.

Umepata kongwe karibu, lina viambatisho vyake, kitanda kimepita jaribio la kubana, na muuzaji yuko tayari kuliwasha na kukata mbele yako: usisubiri. Akikataa kuliwasha, bei na ishuke hadi ya mashine isiyofanya kazi, au uondoke.

Unatengeneza sehemu za pikipiki, pampu au vyombo vya shamba, chuma cha milimita 50 na kuendelea: familia ya inchi 7 itakuchosha mapema, hata ikirekebishwa vipi. Lenga kongwe la inchi 9 au yule kaka wa milimita 210, na kama vyote viwili havijafikika, kazi hizo nene zipeleke kwa fundi mwenye mashine kubwa huku ukifanya zile ndogo nyumbani.

Na kama huwezi kuandika vitu vitano vya kutengeneza, omba kwanza kukaa na mtu mwenye mashine, ya aina yoyote kati ya hizi, ukereze fimbo moja, uitoboe, uikatie hesi na uiachanishe. Utakayoyaona kwenye kazi hizo nne yatakujazia orodha.